Imani na Elimu: Nani Kazigombanisha?

Mwezi Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ardhi ilianza kufukuliwa. Zilizotoka humo zilikuwa maiti za watu: wanaume, wanawake, na watoto wengi. Hesabu ilipanda siku hata siku mpaka ikapita 400. Waliozikwa humo walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe, ili wawahi kuonana na Yesu. Na kabla ya hilo, kama ilivyokuja kuelezwa hadharani, walikwisha kuambiwa mengine: watoto wasipelekwe shule, wagonjwa wasipelekwe hospitali, kwani zote mbili ni mitego ya Shetani. Mhubiri anayedaiwa kuyafundisha hayo alishitakiwa pamoja na wenzake, naye akakana mashitaka. Hukumu ni ya mahakama. Linalozihusu kurasa hizi ni neno lililobaki vinywani mwa watu baada ya maiti kutolewa na mashimo kufukiwa.

Neno hilo lilisemwa kwa ndimi mbili. Msomi asiyejali dini alisema: hiyo ndiyo imani ikiachwa ifike mwisho wake, imani huanza pale elimu inapokoma, na aliyekwisha kuiacha akili yake mlangoni pa kanisa hana tena cha kumzuia asiingie kaburini kwa miguu yake. Mchungaji naye alijibu kwa hasira: huo ni uzushi, kanisa la kweli halimo. Lakini alipokwisha kujitoa lawamani, aliongeza kwa sauti ya chini kwamba, hata hivyo, mambo ya Mungu hayataki maswali mengi, na kwamba elimu ikizidi imani hupungua.

Wawili hawa hudhani wanapingana. Kwa hakika wamo katika ngalawa moja, mmoja omoni na mmoja tezini, na wote wanapiga kafi kuelekea upande mmoja. Wamekubaliana katika jambo lililo kubwa kuliko yote wanayobishania: kwamba imani ya Kikristo ni mahali pa kutojua. Kauli hiyo ni ya uongo. Ni ya uongo katika lugha, ni ya uongo katika historia ya Ukristo wenyewe, na tena ni uongo unaoua.

Na ianze lugha, maana wapenzi wa mashairi hawadanganyiki upesi kwa maneno. Neno imani limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa amani, amana na amini. Na mzizi huo ni ndugu wa ule wa Kiebrania uliozaa amina, neno linalofunga dua msikitini na sala kanisani. Katika ukoo wote huo wa maneno hamna hata moja lenye maana ya kufumba macho. Amana haiwekwi kwa mpita njia. Huwekwa kwa mtu anayejulikana nyumba yake na mwenendo wake. Walioliandika Agano Jipya kwa Kiyunani walitumia neno pistis, nalo lilikuwa neno la kuaminiana na la dhamana, lililojulikana hata sokoni kwa wenye kukopeshana.

Ukristo wa Kiswahili haukuliunda neno hilo, uliliokota visiwani. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, akawa askofu na kufariki humohumo mwaka 1882, hakuja na neno imani ndani ya sanduku lake. Alilikuta katika vinywa vya watu, limekwisha kunolewa na vizazi vya wanachuoni wa Kiislamu na watunzi wa tenzi. Katika dibaji ya kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili alimtaja kwa shukrani Sheikh Abdul-Aziz, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Mwanachuoni yule alijua anamsaidia nani, na hakuwa wa dini yake. Hakuogopa kwamba imani yake itapungua kwa kumgawia mwenzake maneno, wala Steere hakuogopa kwamba Zaburi zitanajisika kwa kupita mikononi mwa sheikh. Hao wawili walielewa jambo ambalo wahubiri wengi wa leo hawalielewi: aliye na imani hababaiki mbele ya mjuzi.

Abiria wa jahazi humwamini nahodha. Hajui yote anayoyajua nahodha; hajui nyota wala miamba, wala saa ya kugeuza tanga. Lakini hamwamini kwa sababu ya kutojua. Humwamini kwa kuwa kuna analolijua: amemwona akienda na kurudi kusi na kaskazi, amesikia habari zake kwa waliovushwa naye, ameona anavyokitunza chombo. Imani yake imevuka mipaka ya ujuzi wake, lakini imeanzia ndani ya ujuzi huo na haijaupa kisogo. Sasa nahodha yuleyule akisema, kama mnaniamini itupeni dira baharini na mtoboe chombo, abiria akimtii hajaonyesha imani kubwa zaidi. Ameacha kuamini na ameanza kutawaliwa.

Mgombanishaji hapa hukimbilia mashahidi. Wa kwanza, apendwaye na pande zote mbili, ni Tertullian wa Carthage, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3. Huyo ndiye aliyehoji mji wa wanafalsafa una uhusiano gani na mji wa manabii. Na huyo ndiye anayebandikwa kauli kwamba anaamini kwa kuwa jambo lenyewe ni upuuzi. Kauli hiyo, kwa maneno hayo, haimo katika vitabu vyake. Aliyoyaandika yanayokaribiana nayo yalikuwa sehemu ya mabishano na watu waliokana kwamba Kristo alikuwa na mwili wa kweli, nayo yalipangwa kwa ustadi wa mtu aliyefunzwa balagha ya Kirumi na anayejua kuitumia. Tena alipoandika juu ya roho ya mwanadamu, Tertullian huyohuyo aliegemea vitabu vya tabibu wa Kiyunani, Soranus, na mafundisho ya Wastoa. Aliufunga mlango wa Athene kwa sauti kubwa barazani, akapitia uani kuazima vitabu.

Shahidi wa pili ni Martin Luther, aliyeitukana akili kwa matusi yasiyopendeza kuchapwa. Aliitukana pale ilipojifanya kadhi juu ya Mungu, ikataka kuipimia rehema yake kibaba. Lakini mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, wafundishe lugha za kale na waanzishe maktaba, na akawalaumu wazazi walioona kusoma ni kazi bure. Anayemtaja Luther ili kuhalalisha mtoto kuzuiwa shule ama hakumsoma, ama amemsoma na ameficha nusu.

Hao ndio mashahidi wao walio bora. Mashahidi wa upande wa pili wana uzito zaidi, kwa kuwa si watu wa pembezoni. Ndio nguzo ambazo Ukristo wa Magharibi umejengewa. Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliandika sherehe ndefu ya kitabu cha Mwanzo. Humo aliwaonya Wakristo juu ya aibu moja: mtu asiye Mkristo, aliyezijua kwa akili na uzoefu habari za nyota, za majira, za wanyama na za mawe, anamsikia Mkristo akiropoka upuuzi juu ya mambo hayohayo huku ameshika Maandiko mkononi. Augustine hakusikitikia kicheko atakachochekwa Mkristo. Alisikitikia kwamba msikilizaji, akikwisha kuona Maandiko yametolewa ushahidi wa uongo katika jambo analolijua, hatayaamini katika yale asiyoweza kuyaona, kama ufufuo na uzima wa milele. Kwa hesabu ya Augustine, mhubiri anayeidharau elimu haijengi imani. Anaibomoa kwa nyundo ya imani yenyewe.

Miaka mia sita na zaidi baadaye, mtawa Anselm, mzaliwa wa Aosta ambaye mwaka 1093 aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliandika kitabu kidogo ambacho kwanza alikipa jina lenye maana ya imani inayotafuta kufahamu. Jina hilo hutajwa sana. Kisichotajwa sana ni yaliyofuata. Mtawa mwingine, Gaunilo, alikisoma kitabu hicho akaona hoja yake kuu, ya kuthibitisha kuwako kwa Mungu, ina kasoro. Akaandika kuipinga, tena kwa niaba ya yule mpumbavu wa Zaburi asemaye moyoni kwamba hakuna Mungu. Anselm hakumlaani wala hakumfungulia mashitaka. Alimjibu kwa heshima, kisha akaagiza kwamba kitabu chake kinakiliwe pamoja na pingamizi la Gaunilo na jibu lake mwenyewe. Wasomaji wa mwambao wanaijua adabu hii. Ndiyo adabu ya malumbano, ambamo mshairi hutungiwa jibu na kulikariri mbele za watu kabla ya kujibu naye. Ndivyo Mombasa na Lamu zilivyojibizana kwa beti zama za Muyaka. Jibu la mpinzani huhifadhiwa pamoja na shairi, kwa sababu bila ya jibu hilo shairi lenyewe halikamiliki. Imani ya Anselm ilikuwa na nafasi ya kumkaribisha mpinzani ndani ya jalada moja.

Thomas wa Aquino, aliyefariki mwaka 1274, aliifanya adabu hiyo kuwa desturi. Katika kitabu chake kikuu cha elimu ya dini kila swali hufunguliwa kwa hoja za upande asioukubali, zikiwa zimepangwa kwa nguvu zao zote, hata pale swali ni kama Mungu yuko. Na elimu aliyoitumia hakuiuliza dini yake kwanza. Alisoma Aristotle, mpagani. Alimsoma Ibn Sina wa Bukhara. Na alimheshimu Ibn Rushd wa Cordoba kiasi cha kumwita Mfasiri tu, bila ya jina, kana kwamba mwingine hapakuwa, hata pale alipompinga vikali. Mwaka 1277, miaka mitatu baada ya kifo cha Thomas, askofu wa Paris alizipiga marufuku kauli 219 zilizokuwa zikijadiliwa na wanafalsafa wa chuo cha mji huo, na baadhi yake zilimgusa Thomas mwenyewe. Mwaka 1323 Kanisa lilimtangaza Thomas kuwa mtakatifu, na mwaka 1325 askofu mwingine wa Paris akaifuta marufuku ile kwa kadiri ilivyomhusu. Mgomvi hapo hakuwa imani na elimu. Walikuwa waumini wawili, mmoja mwenye hoja na mmoja mwenye muhuri.

Ndipo hutajwa jina linalodhaniwa kumaliza maneno: Galileo. Kesi yake haina haja ya kupunguzwa wala kupakwa mafuta. Mwaka 1616 Roma ilikizuia kitabu cha Copernicus mpaka kisahihishwe, ingawa mwandishi wake alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la Frombork na alikitoa mwaka 1543 kwa kukitabarukisha kwa Papa. Tarehe 22 Juni 1633 Galileo, mzee wa karibu miaka 70, alipigishwa magoti na kulazimishwa kukana kwamba dunia inalizunguka jua. Akafungiwa nyumbani mpaka alipofariki mwaka 1642. Vitabu vilivyofundisha mwendo wa dunia havikutoka vyote katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mpaka mwaka 1835, na ilikuwa mwaka 1992 Papa John Paul II alipokiri hadharani makosa ya wale waliomhukumu. Huo ni udhalimu, na aliyeuita hivyo hakukosea.

Lakini ni nini hasa kilichokuwa kikilindwa na mahakama ile? Si msalaba, si ufufuo, si Utatu. Dunia iliyosimama katikati ya mbingu zenye matabaka haikutoka kwa manabii. Ilitoka kwa Aristotle na Ptolemy, Wayunani wawili, mmoja aliyekufa kabla ya Kristo kuzaliwa na mmoja ambaye hakuwa na habari naye. Ilikuwa elimu, tena elimu bora ya wakati wake. Wanachuo wa Kanisa waliipenda, wakaivisha joho la kasisi, wakazisoma aya za jua la Yoshua kwa miwani yake, na kadiri karne zilivyopita wakasahau kwamba joho lile lilikuwa la kuazima. Nguo ya kuazima, wasema wahenga, haisitiri. Roma mwaka 1633 haikukosa kwa kuamini mno. Ilikosa kwa kuishikilia elimu ya jana na kuiita imani.

Tena Galileo naye hakuwa malaika wa elimu aliyezungukwa na wajinga. Mwaka 1615 Kardinali Bellarmine aliandika kwamba, kama ungekuwako uthibitisho wa kweli wa dunia kuzunguka, ingebidi kuyaeleza Maandiko kwa uangalifu mkubwa na kukiri kwamba hayakufahamika, kuliko kuliita uongo jambo lililothibitishwa. Uthibitisho aliojivunia Galileo ulikuwa upi? Ulikuwa maji ya bahari. Alishikilia kwamba bahari hujaa na kupwa kwa sababu dunia inajizungusha na kulizunguka jua, kama maji yanavyoruka ndani ya mtungi unaotikiswa. Alitaka hata kukiita kitabu chake kwa jina la kujaa na kupwa kwa bahari. Kepler alipoeleza kwamba mwezi ndio unaoyavuta maji, Galileo alishangaa mtu mwenye akili kama ile kuziamini hadithi za nguvu zilizojificha.

Msomaji wa visiwani atatabasamu, na ana haki. Hesabu ya Galileo, ilipofuatwa ilivyo, ilitoa kujaa mara moja kwa siku, naye ikambidi atafute sababu nyingine za kuieleza mara ya pili. Mvuvi wa Nungwi, wa Faza au wa Wete, ambaye hakuona darubini maishani mwake, anajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kwamba kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50 kama mwezi unavyochelewa, kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu unapokuwa nusu. Mwanachuoni mkubwa wa Ulaya alikuwa sahihi juu ya jua, na akakosea juu ya bahari. Uthibitisho wa macho wa dunia kulizunguka jua, kwa kupima nyota ya mbali inavyoonekana kuhama mahali pake, ulipatikana kwa Bessel mwaka 1838. Hayo hayawahalalishii waliompigisha magoti. Mtu hapigishwi magoti kwa hoja dhaifu, wala kwa hoja yenye nguvu. Yanaonyesha tu kwamba siku ile ndani ya chumba kile hakukuwa na imani upande mmoja na elimu upande wa pili. Palikuwa na elimu mbili, moja kongwe na moja changa, na ile kongwe ilikuwa na askari.

Hapa mpinzani mwerevu atasimama aseme: hii ni hila. Kanisa likipata, sifa inapewa imani. Likikosa, lawama inatupiwa madaraka au Aristotle. Imani gani hiyo isiyopatikana na kosa hata siku moja? Pingamizi hili ni zito, na halifai kukwepwa. Mwaka 415 Hypatia, mwalimu wa hisabati na falsafa wa Alexandria, aliuawa kinyama na kundi la Wakristo, na haikuwa mikono ya Aristotle. Mwaka 1553 Michael Servetus alichomwa moto Geneva, mji wa matengenezo ya dini, kwa kuukana Utatu. Kitabu kilichomponza ndicho alimoeleza damu inavyopita mapafuni, jambo ambalo Ibn al-Nafis alikwisha kulieleza katika karne ya 13. Waliofanya hayo walikuwa Wakristo, walisali kabla na baada, na kuwaita wasio Wakristo ni kuosha mikono kama Pilato.

Basi kipimo kisiwe nani alipata na nani alikosa, maana Anselm naye huenda hoja yake ina kasoro. Thomas wa Aquino mwenyewe hakuikubali. Kipimo kiwe hiki: pingamizi lilifanywa nini? Anselm alilinakili. Thomas alilitanguliza. Alexandria walilirarua, Geneva wakalichoma, Roma wakalipigisha magoti. Kwa kipimo hiki Wakristo hawatoki safi, wala hawatoki wote wachafu; lakini jambo moja linabainika. Aliyemwamini Mungu kuwa ni Mungu wa kweli hakuwa na sababu ya kuogopa kweli yoyote nyingine, awe ameisema mpagani, Mwislamu au mpumbavu wa Zaburi. Aliyelichoma pingamizi alikiri, kwa moto wake, kwamba hakuwa na hakika. Kinachopigana na elimu ndani ya dini si imani iliyozidi. Ni imani iliyopungua, na woga umeingia kujaza nafasi yake.

Upo ushahidi wa karne ya 20 unaoyaonyesha haya kwa upole. Georges Lemaître, kasisi wa Kikatoliki wa Ubelgiji na mwanahisabati, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika chembe moja. Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi, akaizungumza elimu hiyo kama ithibati ya uumbaji. Kasisi mwingine angeshangilia: Papa mwenyewe ameibariki kazi yake! Lemaître hakushangilia. Aliona hatari ileile ya Aristotle ikirudi mlangoni, yaani kuifungia imani ndoa na nadharia ya zama moja, ili nadharia ikiachwa kesho imani nayo ibaki mjane. Alitaka ieleweke kwamba hesabu zake zasimama au zaanguka kwa vipimo vya nyota, wala hazimhitaji muumini wala mkanaji. Papa alipowahutubia wanajimu Septemba 1952 hakulirudia dai lile. Lemaître aliendelea kusali na kupiga hesabu mpaka alipofariki mwaka 1966, na hakuna kimoja kilichomwombea mwenzake radhi.

Hilo halina maana kwamba imani na elimu ni kitu kimoja. Elimu haiwezi kumwambia mjane kwa nini amsamehe aliyemdhulumu, wala imani haiwezi kumwambia tabibu kipimo cha dawa. Lakini mambo mawili kuwa mbalimbali si kuwa maadui. Mkono wa kulia si wa kushoto, na hakuna afungaye mzigo kwa mmoja.

Na mzigo wenyewe, mwisho wa yote, ni mwili wa mtoto. Elimu inasema mwili huo hauhimili kunyimwa chakula na maji. Mtume Paulo aliuita mwili wa muumini hekalu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanakihesabu katika Maandiko, kinaagiza tabibu aheshimiwe na kinasema dawa zimetolewa ardhini na Mungu. Luka, anayehesabiwa kuwa mwandishi wa Injili ya tatu, anatajwa katika waraka kwa Wakolosai kuwa ni tabibu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haimfungishi mtu ambaye hajatimiza miaka 18, wala aliyekwisha kuanza mwaka wake wa 60; na jirani yake Mwislamu anajua vyema kwamba saumu haimpasi mtoto, na kwamba mgonjwa ana ruhusa. Sheria hizo zote mbili zimetungwa na watu wa imani, nazo zimejaa elimu ya mwili. Aliyemfungisha mtoto mpaka kufa hakuizidisha imani ya Kikristo. Aliikanyaga kwanza, kisha akamkanyaga mtoto.

Kwa hiyo mchungaji aliyejitoa lawamani bado hajatoka. Kila Jumapili anapoifanyia shere elimu mimbarani, kila anapomsifu muumini kwa kutouliza, kila anapomwambia mama kwamba kumpeleka mwana hospitali ni upungufu wa imani, anafungua njia ya msitu ambao mwingine ataikamilisha. Na msomi aliyecheka naye hajatoka. Anapomwambia kijana wa Kikristo kwamba imani ya kweli ni ile isiyojua kitu, anamsukuma kwenda kwa mhubiri yuleyule, kwa kuwa amemhakikishia kwamba huko ndiko imani iliko.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Wala si ukafiri. Injili yenyewe inamtaja baba wa mtoto mgonjwa aliyekiri imani na shaka kwa pumzi moja, na mtoto wake akaponywa. Inamtaja Tomaso aliyetaka kugusa, na hakufukuzwa. Basi mhubiri akisimama mbele ya watu akawaambia hapa hapaulizwi, waumini wasimkimbilie msomi awasaidie kumcheka, wala wasiinamishe vichwa. Wana swali la kwanza la kumuuliza, nalo ni swali la imani: unaogopa nini?